Nani Aliamua Kwanza? Hotuba Kuhusu Kupeleka Demokrasia Nchi za Nje

Hotuba hii niliitoa mbele ya walimu wa historia na uraia waliokutana Dar es Salaam. Wenzetu wengi wa mikoani hawakuweza kufika na waliomba waipate nzima, ndiyo hii. Ramani na picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, mabibi na mabwana,

Swali mlilonipa ni fupi, nalo ni gumu: je, taifa lina haki, au hata wajibu, wa kueneza demokrasia katika nchi nyingine? Rafiki yangu mmoja aliposikia mada hii aliniuliza kwa nini mtu wa Dar es Salaam ahangaike na swali la Wamarekani. Naomba nianze kwa kumjibu yeye, kwa sababu naamini hajatazama nyumbani. Mji huu ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, tangu mwaka 1963 hadi 1994. Jeshi letu liliingia Kampala mwaka 1979, na kabla halijarudi likashuhudia serikali zikiundwa na kuvunjwa. Mwaka 2008 askari wetu walishuka katika kisiwa cha Anjouan, huko Komoro, kwenye operesheni ambayo hata jina lake lilibeba neno demokrasia. Na mwaka 2016 sisi wenyewe tulinyimwa fedha kwa sababu taifa jingine halikuridhika na uchaguzi wetu. Sisi tumepeleka na tumepelekewa. Ni nchi ngapi za Afrika zimekaa pande zote mbili za meza hii?

Msimamo wangu nautoa mapema. Taifa halina uwezo wa kuwapelekea watu wengine demokrasia. Lakini linaweza, na mara nyingine linapaswa, kuulinda uamuzi ambao watu hao wamekwisha kuufanya wenyewe. Kwa hiyo kila tukio nitakalolitaja nitaliuliza jambo moja: nani aliamua kwanza?

Kila aliyepita shule ya nchi hii anayajua maneno ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978 juu ya sababu, nia na uwezo. Maneno hayo yalihusu kumpiga mvamizi, na kwa hilo yalitimia. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevuka mpaka mwezi Oktoba na kulishika eneo la kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa jeshi letu na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nalo. Sababu ilikuwepo, nia ilikuwepo, uwezo ulikuwepo. Lakini je, ndugu zangu, tulikuwa na sababu, nia na uwezo wa kuijenga serikali ya watu wengine? Hapo ndipo mambo yalipotushinda.

Tazameni mfululizo wake. Mwezi Machi 1979, vita ikiwa bado inaendelea, vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana Moshi na kuunda umoja wao, UNLF. Walikutana katika nchi yetu, kwa msaada wetu, huku wananchi wa Uganda wenyewe wakiwa bado chini ya bunduki za Amin, hawana hata nafasi ya kusema wanamtaka nani. Yusuf Lule akaapishwa kuwa rais. Alikaa madarakani siku 68. Akafuata Godfrey Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi, ilhali askari wa Tanzania wapo palepale Kampala. Tungefanya nini? Tungeingilia, tungekuwa wakoloni. Hatukuingilia, tukawa mashahidi. Anayeingia nyumbani kwa mtu na bunduki, hata akiwa na nia njema, hujikuta kila anachokifanya ni kosa, na kila anachoacha kukifanya ni kosa pia.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 1980. Kura zilipokuwa zinahesabiwa, Paulo Muwanga, mwenyekiti wa Tume ile ya Kijeshi, alitoa amri kwamba hakuna ruhusa ya kutangaza matokeo ila kwa idhini yake, na atakayevunja amri hiyo atafungwa au atatozwa faini kubwa. Milton Obote, rais wa zamani aliyepinduliwa na Amin, akatangazwa mshindi. Waliokataa matokeo walikuwa wengi, na Februari 1981 Yoweri Museveni aliingia msituni, akatoka huko na kuitwaa Kampala Januari 1986, baada ya vita iliyoua Waganda wengi mno, hasa katika eneo la Luwero. Tulimwondoa dikteta, na ninaona fahari kwa hilo. Lakini makubaliano baina ya waliobaki hatukuweza kuwapa, kwa sababu makubaliano si kitu anachopewa mtu na mgeni.

Na lipo jambo jingine ambalo hatupendi kulisema tunaposimulia vita ya Kagera. Mwaka ule sisi wenyewe tulikuwa nchi ya chama kimoja. Wazee waliomo humu wanaikumbuka karatasi ya kura: kwa ubunge, wagombea wawili wa chama kilekile, mmoja amepewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, kwa urais, jina moja, Ndiyo au Hapana. Sisemi kura ile haikuwa na maana. Mwaka 1965 waziri wa fedha, Paul Bomani, aliangushwa jimboni kwake kwa kura ya namna hiyo, na ziko nchi zenye vyama kumi ambako waziri wa fedha haanguki. Lakini tulikuwa tukisimamia njia ya Waganda kuelekea uchaguzi wa vyama vingi, mfumo ambao sisi hatukuurudia mpaka mwaka 1995. Mtu angetuuliza tunafundisha tusichokifanya, tungemjibu nini?

Gharama yake wengi mnaikumbuka kwa tumbo zaidi kuliko kwa kitabu. Mwalimu alituomba tufunge mkanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikapita, foleni za sabuni na sukari zikabaki, na mkanda tukaendelea kuufunga kwa miaka. Vita haikuwa sababu pekee. Bei ya mafuta na ukame vilikuwemo. Lakini anayeshabikia kupeleka jeshi nje ili kurekebisha serikali ya wengine, na amtafute mama aliyelea watoto Dar es Salaam mwaka 1981 amuulize bei yake.

Sasa kuna watakaoniambia: mbona tuliwasaidia wapigania uhuru kwa miaka mingi, na hilo halikuwa kosa? Kweli, halikuwa kosa. Katika historia yetu ya nje, hilo ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa katika mji huu, Juni 1962. Wapiganaji walipata kambi Kongwa na Nachingwea. Vijana wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walijengewa shule Mazimbu, Morogoro. Tulilipia. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa hapa hapa, katika nyumba moja ya Oysterbay, kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia, Novemba 1965, Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza mwezi uliofuata, na mkopo wa pauni milioni 7.5 tuliokuwa tunautegemea ukazuiwa. Kwa nchi maskini yenye miaka minne ya uhuru, pauni milioni 7.5 hazikuwa mchezo.

Lakini nani aliamua kwanza? Wamsumbiji waliamua. Waafrika Kusini waliamua. Sisi hatukuwaundia chama, hatukuwachagulia kiongozi, hatukuwaandikia katiba. Tuliwapa ardhi ya kulala, shule, bandari, redio na hifadhi. Na walipopata uhuru mwaka 1975, Wamsumbiji walichagua njia ambayo leo hatungeiita demokrasia: chama kimoja, hadi katiba ya mwaka 1990 na uchaguzi wa 1994, baada ya vita ya ndani iliyowala vibaya sana. Je, hilo linafuta maana ya msaada wetu? Kwangu mimi halifuti. Tuliwasaidia waondokane na waliokuwa wanawazuia kuamua. Walichoamua baadaye, kizuri na kibaya, kilikuwa chao.

Hebu tuende sasa mwaka 2008, kwa sababu mwaka ule unatupa mifano miwili ya namna ambayo mwalimu wa historia angeiomba. Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika alikuwa Rais wetu, Jakaya Kikwete. Kenya ilikuwa inawaka kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007; watu zaidi ya 1,000 walikufa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa Nairobi na jopo lake, akiwemo Rais mstaafu Benjamin Mkapa na mama Graça Machel. Tarehe 28 Februari Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini makubaliano, na Kikwete alikuwapo. Hapakuwa na meli, hapakuwa na askari wa kigeni. Palikuwa na watu wazima waliowafahamu wenyeji kwa majina na waliokuwa tayari kukaa mezani wiki baada ya wiki.

Haujapita mwezi, tarehe 25 Machi, askari wa Umoja wa Afrika, wengi wao kutoka Tanzania na Sudan, wakiwa pamoja na jeshi la Komoro, walishuka Anjouan kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, mtawala wa kisiwa hicho. Huyu bwana alikuwa ameambiwa asifanye uchaguzi wa kisiwa Juni 2007. Akachapisha karatasi zake mwenyewe za kura, akajitangaza mshindi. Operesheni ilikuwa fupi. Bacar alikimbilia Mayotte kwa mashua, na kisiwa kikafanya uchaguzi mwingine mwaka uleule. Tulishangilia, nami nilishangilia. Watu wa Komoro ni jamaa zetu. Ukiwasikiliza wakizungumza lugha yao unaona aibu kuomba mkalimani.

Lakini tuitazame Komoro baada ya miaka kumi. Kilichokuwa kinalindwa mwaka 2008 kilikuwa muungano wa visiwa na makubaliano ya Fomboni ya 2001, kwamba urais wa muungano uzunguke kwa zamu baina ya visiwa vitatu. Mwaka 2018 Rais Azali Assoumani aliitisha kura ya maoni, wapinzani wakaisusia, na katiba ikabadilishwa ili rais aweze kugombea mihula miwili mfululizo badala ya kupisha zamu ya kisiwa kingine. Oktoba mwaka huo risasi zikasikika Mutsamudu, mji mkuu wa Anjouan. Safari hii hakuna meli iliyong'oa nanga. Siilaumu serikali yetu kwa kutotuma meli. Ningeipinga kama ingetuma. Ninachosema ni kwamba askari anaweza kulinda sanduku la kura kwa siku moja. Desturi ya kupishana madarakani hailindwi na askari, wala haina pwani ya kushukia.

Juu ya Iraq na Afghanistan sitakaa sana, kwa sababu mmezisoma na mnazifundisha. Iraq ilivamiwa Machi 2003 kwa hoja ya silaha za maangamizi ambazo hazikupatikana. Demokrasia iliwekwa mbele zaidi kadiri hoja ya kwanza ilivyopwaya. Mei 23 mwaka huo, mtawala aliyewekwa na Marekani alilivunja jeshi zima la Iraq kwa karatasi moja, na maelfu kwa maelfu ya wanaume wenye mafunzo ya silaha wakaenda nyumbani bila mshahara. Januari 2005 tuliwaona Wairaki wakiinua vidole vyenye wino wa zambarau, na ushujaa wao ulikuwa wa kweli. Lakini wino haukuzuia vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyofuata. Afghanistan, mwaka 2004, watu wapatao milioni 8 walipiga kura ya urais. Mwaka 2019 hawakufika milioni 2. Kabul ilianguka tarehe 15 Agosti 2021, na kwa hesabu zile haikuanguka siku hiyo.

Najua swali ambalo daima hufuata hapo: na Ujerumani je? Na Japani? Walishindwa vita mwaka 1945, wakakaliwa, na leo ni demokrasia. Ni kweli, ila msikubali jibu liishie hapo. Japani ilikuwa na bunge tangu mwaka 1890, na wanaume wote wazima walipewa kura mwaka 1925. Wajerumani, wanawake kwa wanaume, walikuwa wamepiga kura katika jamhuri yao tangu 1919, kabla Hitler hajaizima. Walikuwepo majaji, vyama na wazee waliokumbuka walipoachia. Mgeni hakuja na mbegu. Aliwaondoa waliokuwa wanakanyaga shamba.

Mfano ninaopenda kuliko yote umetoka Afrika Magharibi, katika nchi ndogo ya Gambia. Wagambia hupiga kura kwa gololi. Mpiga kura anapewa gololi moja, anaingia faragha, anakuta mapipa ya chuma yaliyopakwa rangi za wagombea na kubandikwa picha zao. Anatumbukiza gololi kwenye mrija wa pipa la anayemtaka, nayo inagonga kengele ndani: mlio mmoja, kura moja. Chini ya pipa huwekwa mchanga au vumbi la mbao ili gololi isilie mara ya pili. Nje wasimamizi wanasikiliza. Ikilia mara mbili, kuna mtu anataka kuiba. Wakati wa kuhesabu, gololi humwagwa kwenye ubao wenye vishimo 200 au 500, na ungeuona ubao ule ungedhani ni bao la kete la majitu. Utaratibu huu ulibuniwa miaka ya 1960 kwa sababu wengi hawakujua kusoma. Hakuna mtaalamu wa nje anayeweza kuupiku.

Tarehe 1 Desemba 2016 gololi hizo zilimwangusha Yahya Jammeh, aliyekuwa ametawala miaka 22. Alimpigia simu mshindi, Adama Barrow, akampongeza mbele ya televisheni. Siku chache baadaye akageuka, akasema hatoki. ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ikatuma marais kuzungumza naye, na mmoja wao alikuwa John Mahama wa Ghana, ambaye mwezi uleule alikuwa ameshindwa uchaguzi nchini kwake na kukubali. Fikirini uzito wa ujumbe huo: mtu anayekuambia ondoka, naye mwenyewe yuko njiani kuondoka. Barrow aliapishwa tarehe 19 Januari 2017 katika ubalozi wa Gambia mjini Dakar. Majeshi ya Senegal na wenzao yakavuka mpaka, mkuu wa jeshi la Gambia akasema askari wake hawatapigana, na tarehe 21 Jammeh akapanda ndege.

Nani aliamua kwanza? Wagambia, kwa gololi zao. Nani aliwasaidia? Majirani, kwa pamoja, wala si dola moja yenye hesabu zake. Walifanya nini? Walitekeleza matokeo ambayo mshindwa mwenyewe alikwisha kuyakubali hadharani. Naiunga mkono operesheni ile bila kigugumizi. Ila iangalieni: ni mara ngapi mambo hayo yote hukutana? Ukiondoa moja tu, Gambia inageuka Uganda.

Nimesema nasi tulipelekewa. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015 ulifutwa ukarudiwa Machi 2016, na mwezi huohuo shirika la serikali ya Marekani lijulikanalo kama MCC likasitisha msaada wa zaidi ya dola milioni 470 uliokuwa uende zaidi kwenye umeme, likitaja uchaguzi huo na namna sheria ya makosa ya mtandao ilivyotumika. Fedha ni zao, na mwenye mfuko ana haki ya kuufunga. Lakini matokeo ya Zanzibar hayakubadilika kwa hilo, na aliyebaki na koroboi hakuwa yule aliyefuta uchaguzi. Tena, mfuko huohuo wa Marekani umekuwa wazi kwa wafalme na majenerali wasioitisha uchaguzi kabisa, mradi wawe marafiki. Watu wanaona. Hoja ya demokrasia ikitumika kwa huyu na kuachwa kwa yule, hudhoofika hata mikononi mwa mwananchi wa hapa anayeidai kwa haki, kwa maana mtawala hupata la kusema: haya ni ya wageni.

Na linganisheni na mwaka 1991. Upepo wa Ulaya Mashariki ulikuwa unavuma, wafadhili walikuwa wananong'ona, hilo halifichiki. Lakini ilikuwa Tume ya Jaji Francis Nyalali iliyozunguka nchi nzima kuwauliza Watanzania. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na bado Tume ikapendekeza vyama vingi, na Mwalimu akaunga mkono kwamba wachache wale wasikilizwe. Unaweza kuubishia uamuzi ule, na wapo wanaoubishia mpaka leo, lakini ulibishaniwa kwa Kiswahili, na Watanzania.

Basi tufanye nini, sisi wa sasa? Nina jambo moja la kupendekeza, nalo ni waangalizi wa uchaguzi, ambao nchi zetu hutumiana ndani ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2017 waangalizi wakubwa wa dunia waliusifu upigaji kura wa Kenya wakaondoka. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ya Kenya ikaubatilisha uchaguzi wa rais. Malawi, karatasi za matokeo ya uchaguzi wa 2019 zilikuwa zimepakwa wino mweupe wa kufutia; majaji watano wakaenda mahakamani wakiwa wamevaa fulana za kuzuia risasi, wakasoma hukumu kutwa nzima huku nchi ikisikiliza redioni, na Februari 2020 wakaubatilisha. Katika nchi zote mbili, aliyeiokoa kura alikuwa mwenyeji. Mgeni alikuwa amekwisha kupanda ndege.

Ninaomba waangalizi tunaowatuma kwa majirani wakae mpaka kesi ya mwisho ya uchaguzi imalizike. Wakae katika vyumba vya kujumlishia kura, wasiishie vituoni asubuhi kupiga picha na foleni. Taarifa zao zitolewe kwa lugha ambayo mpiga kura wa huko anaisoma. Na wa majirani wanaokuja kwetu wapewe nafasi hiyohiyo, chumba kwa chumba, siku kwa siku, hata pale watakapoandika tusiyoyapenda; kwani kwa hoja gani tutaomba kukaa Lilongwe miezi mitatu iwapo hapa Dar es Salaam tunawahesabia saa?

Ndugu Mwenyekiti, nawashukuru kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.